Doa la zamani la oili kwenye zege: maneno ya mtaani na ukweli wake

Ukipita Kisasa, Ilazo au Nkuhungu hapa Dodoma utaona nyumba mpya zenye geti kubwa, zege zuri la kuingilia gari, na katikati ya zege hilo doa jeusi la ukubwa wa sinia. Hapo ndipo injini inapolala kila siku. Kila jirani ana dawa yake, na dawa nyingi zinashindwa kwa sababu moja: zinalichukulia doa kama uchafu ulio juu ya sakafu. Oili iliyomwagika leo asubuhi kweli iko juu. Ya mwaka jana iko ndani.

Zege lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoachwa na maji ya kuchanganyia. Fundi akizidisha maji ili zege limwagike kwa urahisi, vitundu vinaongezeka. Kwetu Dodoma kuna la ziada. Upepo wa kiangazi unakausha uso wa zege upesi, na mwenye nyumba akibania maji ya kumwagilia katika wiki ya kwanza, anabaki na sakafu inayotoa vumbi na kunywa kila kinachodondoka. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kuwa na magari yanayovuja sawasawa, mmoja akafuta kwa tambara yakaisha, mwenzake akakaa na doa mpaka anahama.

“Mwagia petroli, litaondoka.”

Petroli, dizeli, mafuta ya taa na thina huyeyusha oili, hilo halina ubishi. Swali ni oili hiyo inakwenda wapi ikishayeyuka. Iliyokuwa nzito na imetulia inakuwa nyepesi, inashuka chini zaidi na kusambaa pembeni. Kwa muda doa linaonekana limefifia, lakini petroli ikishapaa unakuta duara pana kuliko la mwanzo. Halafu kuna moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini chini, na uani kwetu jiko la mkaa huwa haliko mbali.

“Asidi inakula kila kitu.”

Inakula saruji. Oili haiguswi kabisa na asidi ya kusafishia choo wala maji ya betri. Watu hudanganywa na povu: wakimwaga, zege linachemka, wanaamini doa linakufa. Lile povu ni hewa ya kaboni inayotoka asidi inapokutana na chokaa iliyomo kwenye zege. Tena pale penye oili nyingi asidi haipenyi vizuri, kwa hiyo inauma zaidi pembeni. Ukisuuza unakuta doa lipo palepale, limezungukwa na pete nyeupe yenye mchanga uliochomoza. Uso huo uliokwaruzwa utanywa tone linalofuata haraka zaidi. Katika dawa zote za mtaani hii ndiyo ninayoiona mbaya kuliko zote, kwa sababu doa unaweza kulipunguza baadaye, lakini uso wa zege ulioliwa haurudi.

Na wanaoongeza Jik baada ya asidi “kung’arisha” wanajitafutia hospitali. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Hata Jik peke yake haina kazi hapa. Inaua rangi ya chakula na ya ukungu, ila weusi wa oili chafu kwa sehemu kubwa ni masizi ya injini, na masizi hayapaushwi.

“Kostiki soda ndiyo mwisho wa mafuta.”

Hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inawahusu sana watu wa kanda ya kati. Wanaotengeneza sabuni za mche wanajua kwamba kostiki soda ikikutana na mafuta ya alizeti, mawese au ya mnyama, inayageuza kuwa sabuni. Kwa hiyo kwenye sakafu ya mashine ya kukamua alizeti kule Singida, au chini ya karai la chipsi, dawa kali za namna hiyo zina maana, hasa kwa kuwa mafuta ya alizeti yakikaa muda mrefu kwenye hewa hugeuka utando unaonata, ambao sabuni ya kawaida haiuwezi.

Oili ya injini ni kitu kingine. Inatokana na mafuta ghafi ya petroli, haina kile kinachogeuka sabuni, hata ukiimwagia kostiki kutwa nzima. Maji ya kostiki yanaweza kusaidia sabuni kuing’oa kidogo juu, basi. Faida hiyo ndogo hailipi hatari ya kuunguza ngozi na macho. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, uliza kwanza: hapa palidondoka mafuta gani? Dawa iliyosafisha sakafu ya mama wa chipsi haitasafisha chini ya Noah yako.

“Maji mengi tu na mashine ya presha.”

Maji yenyewe hayachanganyiki na mafuta. Presha inaondoa kilicho juu na, ikisogezwa karibu mno, inachimba saruji mpaka kokoto zinaonekana. Isitoshe, huu si mji wa kuchezea maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dodoma imetoka miaka mingi kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Kumaliza simtanki kwa doa moja halafu oili ikatiririka hadi kwenye mtaro au shamba la jirani ni hasara mara mbili. Oili iliyotumika ina vipande vya metali na kemikali zilizoungua ambazo hazifai kwenye udongo unaopandwa mboga.

Jambo la maji ya visima pia liangaliwe. Mengi yana chumvichumvi na madini, na sabuni ya mche ndani yake inagandamana kuwa utando mweupe badala ya kutoa povu. Kwa kazi hii sabuni ya unga inafaa zaidi.

Kuhusu soda ya kola: ni asidi dhaifu yenye sukari, itakuletea sisimizi. Jua nalo halichomi doa; linaipasha oili moto ikazidi kulainika na kupenya, na iliyobaki juu inakuwa ngumu na nyeusi zaidi. Wanaopiga niru (uji wa saruji) juu ya doa wataiokota kwa vipande, maana saruji haishikani na sakafu yenye mafuta.

Kinachosaidia kweli

Anza na gari. Kama sili au gasketi ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) inavuja, mengine yote yasubiri kwanza.

Kisha fanya kazi asubuhi mapema au jioni, zege likiwa limepoa. Kwangua ukoko kwa skrepa. Changanya sabuni ya unga na maji ya moto kidogo iwe uji mzito, paka, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki. Brashi ya waya huacha vichembe vya chuma vinavyoota kutu mvua ikinyesha. Iache kama nusu saa bila kukauka, halafu inyonye kwa vumbi la mbao na ulifagie. Maji ya kusuuzia hayazidi ndoo moja.

Hapo umemaliza ya juu. Ya ndani yanavutwa kwa kubandika. Chukua udongo wa mfinyanzi uliokauka, utwange na kuuchekecha mpaka uwe laini kama poda. Ongeza tapentaini ya rangi kidogo kidogo, upate tope linaloshika mwiko wa fundi bila kudondoka. Bandika juu ya doa kwa unene wa sentimita moja hivi, uvuke ukingo wa doa pande zote, funika kwa nailoni na kandamiza kingo kwa mawe. Hapa kiyeyushi hakiletwi peke yake kama petroli ya kumwaga. Kinailegeza oili, na unga mkavu wenye vitundu vingi zaidi ya zege unainyonya kuja juu. Kesho yake toa nailoni, uache tope likauke kabisa, kisha kwangua. Upande uliogusa sakafu utaukuta umebadilika kuwa wa kahawia wenye mafuta, na hapo unajua unavuta kitu. Rudia mpaka tope litoke na rangi yake ileile. Vaa glavu, fanya nje, moto na sigara viwe mbali, watoto pia. Udongo uliotumika usiutupe bustanini.

Kupima kama imetosha, dondosha matone ya maji. Yakisimama kama shanga, bado kuna oili karibu na uso. Yakinyweka sawa na sehemu nyingine ya sakafu, unaweza hata kupaka rangi au sila (dawa ya kuziba vitundu vya zege). Kitakachobaki ni kivuli cha kijivu, masizi yaliyokwama kwenye vitundu, na mimi singehangaika nacho zaidi ya hapo. Sila yenyewe ipakwe baada ya kusafisha tu, ukitangulia kuipaka unalifungia doa ndani.

Kama uwanja wako ni wa pevingi na si zege la kumwaga, sahau yote haya. Ng’oa tofali zilizoloa, chukua nyingine za nyuma ya nyumba chini ya simtanki, zibadilishane nafasi, jaza mchanga kwenye viungio. Ni kazi ya saa moja.