Ratiba ya mazoezi si daftari la madeni

Tangu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kila mtu hapa Mwanza ana ratiba. Mwalimu ana ratiba, bodaboda ana ratiba, hata shemeji yangu, ambaye miaka yote alikuwa akipanda daladala kutoka Mabatini hadi Mlango Mmoja, naye ana ratiba. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni jinsi neno lenyewe linavyotumika.

Jumamosi iliyopita, pale Furahisha, sisi wengine tulikuwa tumeshakunywa chai na maandazi, ndipo jamaa yetu mmoja mwenye duka Nyakato akatokea, fulana imemganda mwilini. "Kaka," akaniambia, "leo nimelipa deni lote la ratiba." Deni gani? Wiki ile mvua ilikuwa imemkosesha Jumanne na Alhamisi, kilomita 8 na kilomita 10. Jumamosi karatasi ilimtaka akimbie 16. Yeye akajumlisha. Akashika njia ya uwanja wa ndege, akarudi, akaenda tena, akarudi: 34. Alikuwa akinisimulia hayo ameegemea ngazi za daraja la waenda kwa miguu, na alipotaka kuvuka barabara alipita chini, katikati ya magari, kwa kuwa ngazi zilikuwa zimemshinda.

Hii si mara ya kwanza kusikia habari za "kulipa ratiba", basi niseme. Ratiba ya mazoezi ni mpangilio wa siku ngumu, siku nyepesi na siku za kupumzika, uliofanywa ili mwili upande kidogo kidogo hadi siku ya mbio. Ya nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, huchukua wiki 10 hadi 12 kwa mtu ambaye tayari anakimbia. Ya marathoni kamili, kilomita 42.195, wiki 16 hadi 20. Wiki mbili au tatu za mwisho mwendo hupunguzwa. Mengine utayaona kwenye jedwali lako.

Sasa neno lenyewe. Ratiba tumelitoa kwenye Kiarabu, katika mzizi wa r-t-b, ambao habari zake ni kuweka vitu mahali pake, kimoja baada ya kingine. Ukoo wake kwa Kiswahili ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Kuratibu ni wa humo. Mratibu wa semina, yule mwenye orodha ya posho, ni wa humo. Utaratibu unaoambiwa uufuate kila ukifika dirishani kwenye ofisi yoyote, nao ni wa humo humo. Na taratibu, neno tunalompigia kelele dereva akiliparamia tuta, ni ndugu wa damu wa ratiba. Kwa Waarabu neno hilo la taratibu ni mpangilio tu, halina upole wowote ndani yake. Upole tumeutia sisi, nadhani kwa sababu mtu anayefanya mambo kwa mpangilio humwoni akihangaika. (Rutuba usiiingize humu, ingawa sura zinafanana. T yake kwa Kiarabu ni nyingine, ile nzito, na mzizi wake unahusu unyevu.)

Kwa hiyo ukiliuliza neno ratiba linahusu nini, litakujibu kuwa linahusu nafasi ya kitu. Kiasi hakimo. Zile kilomita 8 za Jumanne zimewekwa Jumanne kwa sababu ya kilichokuwapo Jumatatu na kinachokuja Jumatano. Ukizing'oa ukazipachika Jumamosi zinakuwa kitu kingine kabisa, hata kama hesabu ya wiki inatimia. Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand, aliwapangia wakimbiaji wake karibu kilomita 160 kwa wiki kwanza, kisha kupanda vilima, halafu ndipo kasi ya uwanjani. Hata Peter Snell, mtu wa mita 800, alipita njia hiyo, na mwaka 1960 huko Roma akachukua dhahabu ya Olimpiki. Zipange kazi zilezile kinyume, kasi mwanzo na mbio ndefu mwisho, uone utampata mkimbiaji gani.

Neno la pili, mazoezi, ni la kwetu wenyewe: zoea, zoeza, zoezi. Unauzoeza mwili. Wasukuma waliokulia nyuma ya jembe la ng'ombe hawahitaji kuelezwa hapa: maksai mchanga hafungwi nira kutwa nzima ati kwa sababu jana hakulima. Moyo na mapafu huzoea upesi, ndani ya wiki chache unajiona pumzi imeongezeka. Kano na mifupa huchelewa sana. Ndiyo maana mtu anajisikia yuko fiti wiki ya tano, anajiongezea mwenyewe, na wiki ya sita muundi unaanza kumuuma. Tena faida ya mbio ya jana inajengwa leo, umekaa au umelala. Ukirundika mbio tatu mahali pamoja unabeba uchovu wa tatu, na siku za kujengeka umezifuta kwa mkono wako.

Wapo wanaosikia haya wakageuka wakali upande wa pili: siku haiguswi! Inaguswa. Majedwali mengi tunayopakua yameandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, na mbio ndefu wameiweka Jumapili. Hapa Jumapili asubuhi wengi wako kanisani, na ukisubiri ibada iishe jua litakuwa limeshapasha mawe. Isogeze Jumamosi alfajiri, na siku nyepesi zinazoizunguka zisogee pamoja nayo. Hapo umebadilisha tarehe, mpangilio uko palepale. Anayeharibu mpangilio ni yule ambaye karatasi imemwambia "kilomita 8 taratibu" akaenda kuzikimbia akipanda kilima cha Bugando. Ajabu ni kwamba tarehe hajaigusa, na kilomita zake 8 zimetimia. Taratibu ya mkimbiaji ni mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzio mkasa mzima wa jana bila kukatika pumzi katikati. Kama huwezi, shuka ukafuate barabara ya ziwa.

Jumatatu nilipita dukani kwa yule jamaa. Ratiba ameibandika kwenye friji la soda, ubavuni mwa karatasi ya wanaodaiwa: mama fulani mchele kilo mbili, fundi fulani sabuni na sukari nusu. Chini kabisa, kwa mwandiko uleule, "Mimi, km 18", imepigwa mstari kama mteja aliyemaliza. Mguu wa kulia alikuwa ameuweka juu ya kreti.

"Kaka," nikamwambia, "hizi ulizikosa, hukuzikopa." Ukikosa siku moja au mbili, unaendelea na ya leo kama ilivyoandikwa. Ukikosa wiki nzima, unarudi nyuma hatua moja, unaanzia wiki iliyotangulia. Na wiki hii usikimbie kabisa mpaka huo muundi utulie. Ukigoma kutulia, kamwone daktari.

Hakubisha. Alinyanyuka, akabandua ile ratiba taratibu isichanike, akaihamishia upande wa pili wa friji.