Umelipa leseni, lakini umenunua nini?

"Mwanangu, hii seva si tulishailipia mwaka juzi?"

Aliyeniuliza ni mama mhasibu wa kampuni moja ya uwakala wa forodha huko Shimanzi, ankara mbili mkononi. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Katika kazi yangu ya seva, zile kompyuta kuu zinazohudumia ofisi nzima, hapa Mombasa sijaona jambo linalokula pesa za maofisi kama hili: mtu analipa kitu kimoja akiamini amenunua vitatu.

Kuna haki ya kuutumia mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha kompyuta. Kuna haki ya kuletewa viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya programu. Halafu kuna haki ya kumpigia simu fundi wa wenye mfumo, mambo yakiharibika. Kila muuzaji huvifunga vitu hivi vitatu kwa namna yake.

Seva ya Shimanzi inatumia Windows Server, mfumo endeshi wa Microsoft, na huko leseni huhesabiwa kwa kori, vile viini vya kazi vilivyo ndani ya prosesa. Kila prosesa huhesabiwa kori 8 hata zikiwa pungufu, na seva nzima haishuki chini ya 16. Yao ina prosesa mbili za kori 10 kila moja, kwa hivyo ni 20. Leseni ya Standard, toleo la kawaida, ikishafunika kori zote 20, unaruhusiwa mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja. Wao walikuwa na nne: nyaraka za forodha, mafaili ya ofisi, mishahara, na moja ya majaribio ambayo hakuna aliyekumbuka imewekwa na nani. Kwa mashine nne, kori zote 20 zinalipiwa mara ya pili. Toleo la Datacenter halina kikomo cha mashine pepe, ila bei yake ni ya wenye mashine nyingi. Tuliifuta ile ya majaribio, tukaunganisha mafaili na nyaraka, zikabaki mbili.

Ankara ya pili ndiyo iliyoniuma. Mbali na leseni ya seva yenyewe, kila mtu au kila kifaa kinachoitumia kinahitaji leseni ya kuingilia. Unachagua: kwa kichwa au kwa kompyuta. Makarani wa yadi ni 36, wanapokezana zamu tatu kwenye kompyuta 12. Aliyewauzia aliwahesabia vichwa 36. Kwa kompyuta, 12 zingetosha! Nilimchorea hesabu hiyo nyuma ya ankara. Akavua miwani, akaitazama kwa muda, asiseme neno. Tena ukipandisha seva kutoka toleo la 2019 kwenda 2022, leseni za kuingilia za 2019 hazifai, sharti ununue mpya. Kinyume chake kinakubalika: leseni mpya huingia kwenye seva ya zamani.

Viraka huja bila malipo ya ziada, lakini vina tarehe ya mwisho. Toleo la 2012 R2 lilifika mwisho 10 Oktoba 2023, na wanaotaka viraka baada ya hapo wanavilipia. La 2016 linakoma 12 Januari 2027. Simu ya msaada ni mkataba mwingine.

Kwa Linux, mfumo endeshi mwingine wenye matoleo ya wengi, mambo yamegeuka. Kampuni ya Red Hat hawakuuzii haki ya kutumia kama bidhaa ya kudumu. Unalipia usajili wa mwaka, ndani yake mna viraka na msaada. Usajili ukiisha seva haizimi, inaendelea kufanya kazi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu viraka vimekatika kimyakimya.

Wengi hapa walikimbilia CentOS, Linux ya bure iliyotengenezwa kutokana na ile ya Red Hat. CentOS 8 ilisitishwa mwisho wa 2021, na CentOS 7 ikafuata 30 Juni 2024. Wiki chache baadaye niliitwa Changamwe. Nikaandika "yum update", amri ya kuleta viraka, skrini ikajibu kwamba haipati mirrorlist.centos.org, anwani ya kuvitafutia. Anwani yenyewe ilikuwa imeondolewa. Nilihamisha kazi zao kwenda AlmaLinux, Linux nyingine inayofanana na ya Red Hat. Rocky Linux nayo ingefaa. Zote mbili ni za bure, na viraka vyake ni vya kweli. Kisichokuwemo ni mtu wa kumpigia simu, ila uilipe kampuni ya pembeni.

Ubuntu, Linux nyingine tena, wanakupa viraka bure kwa miaka mitano kwenye matoleo ya LTS, yaani yale ya kutunzwa muda mrefu. Usajili wa Ubuntu Pro hufikisha kumi, na mtu binafsi au biashara ndogo anaweza kuutumia bure kwenye mashine zisizozidi tano. Ofisi yenye mashine zaidi hulipa, na msaada wa simu ni nyongeza.

Sasa hiyo simu. Meli hufunga gati Kilindini saa yoyote, usiku wa Jumapili pia. Usajili wa Red Hat wa daraja la Standard unakujibu saa za kazi, siku za kazi. Premium hujibu usiku na mchana kwa matatizo mazito, na kwa dharura ya daraja la kwanza wanaahidi jibu ndani ya saa moja. Ahadi ni ya jibu, si ya kumaliza tatizo. Nimeshuhudia mkurugenzi akimfokea kijana wake wa kompyuta kwa sababu hakuielewa tofauti hiyo, na kijana hakuwa na kosa. Kama mizigo yako inatoka usiku, lipia Premium kwa ile seva moja inayotoa nyaraka, zilizobaki ziache Standard.

Mama mhasibu alifungua kaunta buku lake, akapiga mistari miwili kwa rula zikapatikana safu tatu: kutumia, viraka, simu. Chini ya safu ya viraka tukaandika tarehe za kila seva. Safu ya simu ilibaki tupu kote isipokuwa mahali pamoja, na hapo akaandika namba kwa wino mwekundu.