Je, kumchua aliyepata kiharusi kunaurudisha mkono?

Wengi huamini kwamba mkono uliopooza kwa kiharusi umelala tu, na kwamba ukichuliwa kwa nguvu na mafuta ya moto, mishipa itaamka.

Kiharusi hutokea ubongoni: mshipa wa damu huziba au hupasuka, na sehemu inayouamuru mkono huumia. Kuchua hakufiki huko. Kukifanywa taratibu kunaweza kupunguza maumivu na mkazo wa misuli, na faraja ya kuguswa si jambo dogo. Lakini kinachoufundisha ubongo upya ni mgonjwa mwenyewe kujaribu kushika kikombe, kusimama, kufunga kifungo, tena na tena, kila siku.

Nafuu kubwa mara nyingi huja miezi ya mwanzo, hata kwa asiyechuliwa, ndiyo maana sifa humwendea mchuaji. Ukitaka kupima maendeleo, andika kila wiki anachoweza kufanya mgonjwa mwenyewe, kisha mwonyeshe mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo.

Bega lililolegea msilivute, linaweza kuteguka. Ngozi yenye ganzi inaweza kuungua kwa mafuta ya moto bila mgonjwa kuhisi. Na mguu uliovimba na kuuma usichuliwe kabisa: huenda damu imeganda ndani, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.