Urefu si wingi: namna ya kusoma na kufafanua mchoro wa kisanduku

Swali la mtihani likisema "toa maoni kuhusu michoro hii ya kisanduku", majibu mengi huishia kwenye kuorodhesha: thamani ndogo kabisa ni hii, mediani (thamani ya katikati data zikipangwa kwa ukubwa) ni hii, kubwa kabisa ni ile. Hayo mtahini anayaona mwenyewe. Anachotafuta ni kama mwanafunzi ameelewa jambo lolote kuhusu kitu kilichopimwa.

Tutumie vipimo halisi. Mwaka 1879 Albert Michelson, mwanafizikia wa Marekani, alipima kasi ya mwanga huko Annapolis kwa kutumia kioo kinachozunguka. Vipimo vyake 100, vilivyopangwa katika mafungu matano ya vipimo 20, bado vinatumika kufundishia takwimu hadi leo. Kwa kufupisha, kila kipimo huondolewa 299,000, kwa hiyo 850 maana yake ni kilomita 299,850 kwa sekunde.

Fungu la kwanza lina kipimo kidogo kabisa 650, kwartaili ya kwanza (mpaka wa robo ya chini ya vipimo) 850, mediani 940, kwartaili ya tatu (mpaka wa robo ya juu) 980 na kikubwa kabisa 1,070. Chora mstari wa namba uliolala. Kisanduku kinaanzia 850 hadi 980, mediani inakikata kwenye 940, na sharubu, yaani mistari miwili ya pembeni, zinatoka kushoto na kulia kuelekea kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa.

Sasa linganisha vipande viwili. Kuanzia 650 hadi 850 kuna nafasi ya 200, lakini kuanzia 940 hadi 980 kuna 40 tu. Jicho linashawishika kusema kwamba vipimo vingi viko kushoto kwa sababu huko mchoro umetanda. Hesabu uone: kushoto kuna 650, 740, 760, 810 na 850, yaani vitano. Kwenye kipande kile kifupi kuna 950, 960, 960, 980 na 980, navyo vitano. Abiria watano waliotawanyika kwenye basi tupu na watano waliobanana kwenye bajaji ni watano wale wale. Kila kipande kati ya vinne (viwili vya kisanduku na viwili vya pembeni) kinabeba takriban robo ya data. Kipande kirefu kinaonyesha data zilizotawanyika, kifupi kinaonyesha zilizosongamana. Kati ya makosa yote ya mada hii, hili ndilo ningeanza nalo darasani, na nisingeondoka hapo upesi.

Mediani iko karibu na ukingo wa kulia, na mkia mrefu uko kushoto. Ndiyo maana wastani wa fungu hili, 909, uko chini ya mediani: vipimo vichache vya chini vimeuvuta.

Kuhusu thamani zilizojitenga, kanuni inayotumika sana ni ya John Tukey, mwanatakwimu wa Marekani aliyeueneza mchoro huu miaka ya 1970. Chukua upana wa kisanduku, zidisha kwa 1.5, kisha pima umbali huo nje ya kila ukingo. Hapa upana ni 130, na 130 mara 1.5 ni 195. Mpaka wa kushoto ni 850 kutoa 195, yaani 655. Kipimo cha 650 kiko nje ya mpaka huo kidogo tu, kwa hiyo kinawekewa nukta, na sharubu inaishia kwenye 740.

Fungu la tatu linavutia zaidi. Kisanduku chake kinaanzia 840 hadi 880, upana wa 40 tu, na mediani ni 855. Mipaka inakuwa 780 na 940, hivyo vipimo vitano vinatupwa nje: 620, 720, 720, 950 na 970. Sharubu ya kushoto haipo kabisa, kwa sababu hakuna kipimo kati ya 780 na 840. Mchoro haujakosewa. Tena angalia: 950 imejitenga katika fungu la tatu, ilhali katika fungu la kwanza iko ndani ya kisanduku. Kujitenga hupimwa kwa wenzake wa fungu hilo hilo, na nukta pekee si ruhusa ya kufuta kipimo. Ni sababu ya kurudi kwenye daftari na kuuliza kilichotokea siku ile.

Maoni yanayostahili alama yangesomeka hivi: "Kwa mediani, vipimo vya fungu la tatu viko chini ya vya fungu la kwanza kwa kilomita 85 kwa sekunde. Nusu ya katikati imesongamana zaidi katika fungu la tatu, upana 40 dhidi ya 130, ingawa fungu hilo lina vipimo vitano vilivyojitenga." Kuna ulinganisho wa kitovu, ulinganisho wa mtawanyiko, vipimo vyenye vizio, na jambo lisilo la kawaida limetajwa. Inatosha.

Mchoro wenyewe hauonyeshi ni vipimo vingapi viko nyuma yake, wala kama data zina vilele viwili, yaani zimerundikana mahali pawili. Kama fungu ni dogo, weka nukta zote kando ya kisanduku. Wala kisanduku chembamba hakithibitishi usahihi. Kasi ya mwanga katika ombwe (mahali pasipo na hewa wala kitu chochote), kama ilivyowekwa mwaka 1983, ni kilomita 299,792.458 kwa sekunde, yaani takriban 792 kwa kipimo chetu. Mediani za mafungu yote matano ya Michelson ziko juu ya hapo, likiwemo lile la tatu lililosongamana kuliko la kwanza.