Thamani ya tarakimu, na namba kwa kirefu

Mwambie mtoto wa darasa la pili aandike mia tatu na tano. Usishangae akikuletea 3005. Masikio yake ni mazima: amesikia mia tatu, akaandika 300, amesikia tano, akaibandika 5 pembeni. Ambacho hajakipata ni thamani ya tarakimu, yaani tarakimu moja hubadilika thamani kulingana na mahali ilipokaa. 3 ikikaa kwenye mamoja ni tatu tu. Ikisogea kushoto, kwenye makumi, ni thelathini. Ikisogea tena, ni mia tatu. Kila hatua ya kwenda kushoto ni mara kumi.

Kuandika namba kwa kirefu ni kuifumua ili kila tarakimu ionyeshe thamani yake: 345 = 300 + 40 + 5. Hapo watoto wengi huchanganya maswali mawili. 4 iko nafasi gani? Makumi. Thamani yake ni ngapi? 40.

Kiswahili chenyewe hutusaidia nusu ya njia. "Kumi na tatu" tayari ni 10 + 3, mtoto anaisikia. Kuanzia ishirini, mambo yanageuka, kwa sababu majina ya makumi tumeyachukua kutoka Kiarabu. Sitini, sabini na tisini hazina taabu, maana sita, saba na tisa nazo zimetoka hukohuko. Lakini nani atasikia "tatu" ndani ya thelathini, au "nane" ndani ya themanini? Kwa hiyo mwache mtoto kwanza aseme "makumi matatu na mamoja manne", ndipo aseme thelathini na nne. Inachosha kidogo, lakini inalipa.

Vifaa? Vijiti vinatosha. Ahesabu kumi, afunge kwa uzi, arudie. Fungu ni kumi, kijiti kilichobaki ni moja. Wengine hukimbilia sarafu na noti. Mimi ningezichelewesha, kwani fungu la vijiti unaweza kulifungua ukahesabu kumi zilizomo, lakini sarafu ya shilingi kumi haifunguki.

Turudi kwa 3005. Kata kadi: ya 300 iwe na upana wa tarakimu tatu, ya 40 tarakimu mbili, ya 5 moja. Mtoto aweke 5 juu ya 300, kingo za kulia zikilingana. Tano inaifunika sifuri ya mwisho, inabaki 305. Akiivuta kadi, sifuri inaonekana tena, na anajua 3 ile ilikuwa mia tatu muda wote. Ile sifuri ya katikati nayo inaeleweka: inashikilia nafasi ya makumi, ambayo haina kitu. Neno lenyewe, sifuri, kwa Kiarabu asili yake ni "tupu".

Sikio pia lifundishwe kukamata "na". Mia tatu ni 300, mia na tatu ni 103. Na hata sisi watu wazima tunateleza: "elfu ishirini na tatu" ni 23,000 au 20,003? Ndiyo maana wengine husema "ishirini na tatu elfu" kwa ile ya kwanza. Kwa kirefu hakuna ubishi: 20,000 + 3,000, au 20,000 + 3.