Nahodha Aliposimama

Wapwa zangu walikuja Kisumu likizo ya Agosti, na jioni moja ya mvua wakaniwekea WALL-E, filamu ya vibonzo ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Andrew Stanton. Wao walimpenda roboti. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu ni kusimamisha watu waliolazwa na maradhi, na macho yangu yaliganda kwenye miguu ya wale binadamu.

Kwa ambaye hajaiona: dunia imejaa taka, watu wameihama, na roboti mmoja mdogo amebaki akishindilia taka kuwa matofali na kuyapanga yawe marefu kama maghorofa. Amefanya hivyo miaka 700. Mkanda wa magurudumu ukiisha hutwaa wa mwenzake aliyekufa njiani. Hana rafiki ila mende. Usiku hutazama kanda kuukuu ya Hello, Dolly!, filamu ya mwaka 1969, na anapoona watu wawili wameshikana mikono, yeye hukutanisha mikono yake mwenyewe ya chuma. Wapwa zangu walinyamaza kimya hapo. Nami pia.

Wale waliohama tunawakuta ndani ya chombo kiitwacho Axiom. Wamelala kwenye viti vinavyoelea, kioo mbele ya uso, chakula ndani ya kikombe. Mikono ni mifupi na minene, miguu imelegea kama ya mtoto mchanga. Nahodha anapofungua ujumbe uliorekodiwa zamani, anaambiwa kwamba uhaba wa nguvu ya mvutano angani huenda umewapunguzia mifupa kidogo, na kwamba mizunguko michache kwenye njia ya kukimbilia itawarudisha sawa. Nahodha anashangaa: kumbe chombo kina njia ya kukimbilia!

Ujumbe huo una ukweli nusu. Mfupa ni kitu hai. Kuna seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga usiku na mchana, na zinazojenga hufuata mzigo. Daktari mpasuaji Mjerumani, Julius Wolff, aliliandika hilo mwaka 1892: mfupa hujipanga upya kulingana na uzito unaoubeba. Ndiyo maana mchezaji wa tenisi huwa na mfupa mnene zaidi kwenye mkono anaoshikia raketi. Na ndiyo maana mwanaanga asipojikinga hupoteza kwa wastani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mifupa inayobeba uzito kila mwezi. Wanaoishi kwenye kituo cha kimataifa cha anga hutengewa kama saa 2 za mazoezi kila siku.

Lakini tazama vizuri sehemu ile chombo kinapoinama. Watu wanaporomoka upande mmoja, wanarundikana ukutani. Kwa hiyo mvutano ulikuwepo siku zote! Anga haina hatia. Kiti ndicho kilichowala mifupa. Watafiti wanaotaka kujua safari ya anga inaufanya nini mwili hawahitaji roketi. Humlaza mtu mzima wa afya kitandani kwa wiki kadhaa, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, wakampima.

Mimi kipimo hicho nakiona katika mitaa ya Kisumu: nakiona Manyatta, nakiona Nyalenda, nakiona Milimani. Mwaka jana niliitwa kumwona nyanya mmoja aliyepata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Hospitalini alikuwa ameanza kusimama akishikiliwa. Nilipofika, miezi mitatu baadaye, hakuweza hata kuketi wima. Hakuna aliyemtesa, bali alipendwa mno. Mwana mmoja alinunua kiti cha magurudumu, binti akamlisha kwa kijiko, mjukuu akawa wa kumletea rimoti na simu, tuktuk ikawa inaingia hadi mlangoni siku za kliniki. Kila mzigo aliokuwa nao uliondolewa, mmoja mmoja, kwa huruma. Paja la mguu wa kushoto, ule usioguswa na kiharusi, lilikuwa limenywea hadi nikaweza kulizungushia viganja viwili.

Katika filamu, usukani unaojiendesha na kumzuia nahodha asirudi duniani hauna chuki. Uliagizwa usiwarudishe watu duniani, nao unatii. Ndiyo maana sikubali tunapoilaumu mashine kwa sababu tu ni mashine. Fremu ya kutembelea ni mashine, na kiti cha magurudumu kwa mtu ambaye miguu yake haitarudi ni uhuru mtupu. Swali langu kwa kila kifaa ni moja: mzigo umeuweka wapi? Fremu inaurudisha mguuni. Rimoti inayoletwa na mjukuu inauondoa.

Tulianza na kuinuka. Familia ilikuwa ikimvuta kwapani, jambo linaloweza kuumiza bega lililolegea, nami nikawaomba waache. Sogea ukingoni mwa kiti, mama. Vuta nyayo nyuma, zipite chini ya magoti. Sasa inamia mbele, pua ipite vidole vya miguu. Watu wengi huogopa hapo, maana huhisi kama wanaanguka kifudifudi, lakini pasipo kuinama uzito haung'oki kwenye makalio, na mapaja hayana cha kusukuma. Nilikaa mbele yake nikamshika mikono yote miwili bila kumvuta. Mkono wa kulia ulikuwa baridi na hauna nguvu. Wa kushoto ulinibana hadi ukatetemeka. Mara ya nne makalio yaliachana na kiti, upana wa kidole hivi, akarudi chini akihema. Binti yake alikuwa mlangoni, analia.

Hapo filamu imeharakisha mambo. Nahodha anapambana na usukani, anajiinua, anapiga hatua na kuuzima, yote kwa dakika chache. Miguu ambayo haijawahi kusimama haifanyi hivyo, magoti yangekunjika. Ila nilisimamisha picha pale alipoinuka nikawaonyesha wapwa zangu abiria kila mahali wakimtazama. Mdogo akaniuliza, "Mjomba, atadondoka?" Nikamwambia kwa miguu ile, angedondoka mara nyingi.

Nyumbani kwa nyanya tuliiweka rimoti juu ya kabati, hatua sita kutoka kochi. Mjukuu alipewa kazi mpya: kusimama karibu bila kugusa. Ilichukua wiki kumi na moja. Nilipopita Jumanne nilimkuta jikoni, nyonga imeegemea sinki, mkono wa kulia umelaza majani ya sukuma wiki kwenye ubao, wa kushoto unakata. Kiti cha magurudumu kilikuwa barazani, kimepakiwa beseni la nguo za kuanikwa.