Je, Wajua? Muuaji katika Filamu ya M Ni Nani Hasa?

Karibu kila orodha ya filamu zilizotokana na wauaji wa kweli huitaja M, filamu ya Kijerumani iliyoongozwa na Fritz Lang na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 11 Mei 1931. Orodha hizo huongeza, kana kwamba ni jambo lisilo na ubishi, kwamba Hans Beckert, muuaji wa watoto aliyeigizwa na Peter Lorre, ni Peter Kürten, yule ambaye magazeti yalimbatiza jina la Mnyonya Damu wa Düsseldorf. Madai hayo yana chembe ya ukweli, ila ukweli wenyewe haupo pale unapotafutwa. Lang aliichukua hofu ya mji wa Düsseldorf karibu yote, na mtu aliyeisababisha akamwacha huko huko.

Kürten, kwa ufupi, alizaliwa mwaka 1883, akatumia sehemu kubwa ya ujana wake gerezani, na kati ya Februari na Novemba 1929 aliwashambulia wanawake, watoto na wanaume mjini Düsseldorf kwa mkasi, kisu na nyundo. Alikamatwa tarehe 24 Mei 1930. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji tisa na majaribio saba ya kuua, na tarehe 2 Julai 1931 alikatwa kichwa kwa gilotini katika gereza moja mjini Köln.

Ukimweka Beckert kando ya mtu huyo, mfanano hutoweka haraka. Beckert ni kapera mnene kiasi, mwenye macho ya kutokeza, anayeishi katika chumba cha kupanga na kuwaua wasichana wadogo tu. Kürten alikuwa mume wa mtu, mtanashati wa mavazi, asiyechagua umri wala jinsia. Beckert, anapobanwa, hulia na kujikunyata akisema kwamba halitaki jambo analolifanya lakini hawezi kulikwepa. Kürten aliyasimulia makosa yake kwa utulivu na kwa mpangilio, hata wataalamu wa akili waliompima wakaona kwamba alikuwa na akili timamu na anastahili kuwajibishwa. Hata namna ya kukamatwa haifanani. Kürten alifichuka kwa sababu mwanamke aliyenusurika mikononi mwake aliandika barua kumsimulia mwenzake, barua ikapelekwa kwenye anwani isiyo yake, aliyeifungua akaikabidhi polisi, na mwanamke huyo akatafutwa ili awaonyeshe nyumba. Kürten alipoona kamba inakaza, alimweleza mkewe kila kitu na kumshauri aende akamripoti ili apate zawadi iliyotangazwa. Mwandishi wa filamu angeandika kisa kama hicho angeambiwa amezidisha chumvi.

Kwa nini basi wawili hawa waliunganishwa? Sababu ya kwanza ni kalenda. Kesi ya Kürten ilianza tarehe 13 Aprili 1931 na hukumu ikatolewa tarehe 22 mwezi huohuo. Siku 19 baadaye filamu ikafunguliwa. Mtazamaji wa Berlin aliingia ukumbini akiwa amesoma habari za Kürten gazetini wiki baada ya wiki, na isingekuwa rahisi kumtaka asiyaunganishe mambo hayo. Sababu ya pili ni wasambazaji wa filamu, watu wasioacha biashara ipite. Nchini Italia filamu hii ilipewa jina linalotaja jitu katili la Düsseldorf, na nchini Hispania jina linalotaja mnyonya damu wa Düsseldorf, ingawa ndani ya filamu yenyewe mji hautajwi, na lafudhi za watu wa mitaani pamoja na desturi za polisi wake ni za Berlin.

Lang mwenyewe aliyakanusha madai hayo kwa miaka mingi. Alieleza kwamba muswada, aliouandika pamoja na mkewe Thea von Harbou, ulikamilika kabla Kürten hajakamatwa, na kwamba wakati ule Ujerumani ilikuwa na wauaji wa aina hiyo zaidi ya mmoja: Haarmann wa Hannover, Grossmann wa Berlin na Denke wa Münsterberg. Maelezo hayo yanapaswa kupokelewa kwa tahadhari, kwa kuwa Lang alikuwa msimuliaji aliyependa kuyapamba maisha yake. Zaidi ya hayo, filamu ilipigwa mwanzoni mwa 1931, miezi mingi baada ya Kürten kutiwa mbaroni, kwa hiyo muda wa kuongeza au kupunguza jambo ulikuwepo.

Hata hivyo filamu yenyewe ina ushahidi usiotegemea neno la Lang. Sauti ya kwanza ya binadamu inayosikika ni ya msichana mdogo aliyesimama katikati ya duara la wenzake uani, akiimba wimbo wa kuwatoa mmoja mmoja: ngoja kidogo tu, mtu mweusi atakujia na kishoka chake. Kila Mjerumani wa siku zile alikijua kibwagizo hicho, maana kilikuwa kikiimbwa mitaani kikiwa na jina la Haarmann mahali pa huyo mtu mweusi. Haarmann alikuwa amekatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1925, baada ya kutiwa hatiani kwa kuwaua vijana wa kiume 24. Filamu inayodaiwa kuwa ya Kürten, basi, inafunguliwa kwa wimbo wa mtu mwingine kabisa.

Jambo linalomtofautisha Beckert na wauaji wote hao ni mluzi, na hapa inafaa kwenda polepole. M ilikuwa filamu ya kwanza ya Lang yenye sauti, na badala ya kuijaza muziki aliiacha bila muziki wowote wa kusindikiza, isipokuwa kipande kifupi cha Grieg, mtunzi wa muziki wa Norway, kutoka Peer Gynt ambacho Beckert hukipiga kwa mluzi. Lorre hakujua kupiga mluzi. Kwa maelezo ya Lang, unaosikika ni wake yeye mwongozaji.

Msomaji aliyekulia Mombasa, Unguja au Dar es Salaam anaifahamu kazi ya mluzi huo bila kufundishwa. Muuza kahawa wa mtaani hana haja ya kupaza sauti kuita wateja. Hugonganisha vikombe vyake vidogo kiganjani, na mlio hupenya hadi ndani ya nyumba kabla yeye hajakata kona. Waliokaa barazani hujisogeza, wa ndani huanza kupapasa mifuko kutafuta sarafu, na bado hakuna aliyemwona. Mlio umekwisha kuwa ndiye muuzaji. Sasa chukulia kwamba siku moja mtoto alitoweka mara tu baada ya mlio huo kupita. Vikombe ni vilevile na mlio ni uleule, lakini kuanzia siku hiyo kila unaposikika mtaa mzima ungekimbilia milangoni, na asingehitajika mtu wa kuwaeleza sababu.

Ndivyo Lang anavyofanya. Mara ya kwanza tunausikia mluzi Beckert anapomnunulia mtoto, Elsie, puto kwa muuzaji asiyeona, nasi tunamwona muuaji kwa mgongo tu. Kifo hakionyeshwi: mpira unabingirika kutoka kichakani, puto linanasa kwenye nyaya za simu, na sahani ya Elsie inabaki tupu mezani kwao. Baadaye Beckert anasimama mbele ya dirisha la duka la visu, anaona taswira ya msichana ndani ya kioo, mluzi unaanza, na mtazamaji anajua yote bila tone la damu. Anayemtambua hatimaye ni yule muuza maputo kipofu, aliyeushika wimbo sikioni. Anamwita kijana aliye karibu. Kijana anajichora herufi M kwa chaki kiganjani, anajifanya ameteleza kwenye ganda la chungwa ambalo Beckert amelitupa, na anamgonga begani. Alama inabaki kwenye koti. Hakuna lolote katika mfululizo huo lililotoka Düsseldorf. Limetokana na mwongozaji aliyekabidhiwa chombo kipya cha sauti na kukifikiria kwa makini.

Kilichotoka Düsseldorf ni hali ya mji. Kürten aliwahi kupeleka gazetini ramani ya mahali ulipo mwili wa mtoto aliyemuua, naye Beckert huandikia magazeti kwa penseli nyekundu. Wapita njia kushukiana, misako ya usiku na matangazo ya zawadi ukutani ni mambo ambayo msomaji wa magazeti ya 1929 aliyafahamu vema. Inspekta Lohmann, mpelelezi wa polisi katika filamu, naye ana asili inayojulikana: ni Ernst Gennat, mkuu wa kitengo cha mauaji cha Berlin, ambaye alipelekwa Düsseldorf kusaidia upelelezi. Hata wahalifu wanaoamua kumsaka Beckert wenyewe, kwa kuwa misako imewaharibia biashara, wana mfano wao katika Ringvereine za Berlin, vyama vilivyojiita rasmi vya kusaidiana kwa waliotoka gerezani, vyenye bendera zao na mazishi ya heshima kwa wanachama.

Wahalifu hao wanamhukumu Beckert katika kiwanda cha pombe kilichoachwa, ambako mtetezi wake analazimika kueleza kwamba mtu asiyejitawala hawezi kuadhibiwa kama anayejitawala. Polisi wanaingia kabla hawajamuua, na sekunde chache baadaye majaji halisi wanaketi kutoa hukumu. Hukumu hiyo haisikiki; badala yake wanaonekana akina mama waliovaa nguo nyeusi, na mmoja anasema kwamba lolote litakaloamuliwa halitawarudisha watoto. Wiki zisizofika tatu kabla ya watazamaji wa kwanza kuiona sehemu hiyo, Kürten alikuwa amehukumiwa kifo mara tisa, na Ujerumani nzima ilikuwa imesoma habari hiyo. Lang, aliyekwisha kuipiga filamu yake kabla ya hukumu hiyo kutolewa, aliiacha ya Beckert bila kusikika.